Kuhesabu Waliobaki: Upokezi wa Riwaya ya Battle Royale Nchini Japani na Ng'ambo

Utangulizi

Mwaka wa 1998, katika awamu ya tano ya tuzo ya riwaya za kutisha nchini Japani, mswada mmoja ulifika duru ya mwisho kisha ukakataliwa. Mwandishi wake, Koushun Takami, alikuwa mzaliwa wa mwaka wa 1969, na kati ya 1991 na 1996 alikuwa ameajiriwa katika gazeti la Shikoku Shimbun. Lililowasumbua zaidi waamuzi lilikuwa maudhui ya mswada: wanafunzi wa darasa moja wanaolazimishwa na serikali kuuana hadi abaki mmoja. Mwaka huo tuzo kuu haikutolewa kwa mtu yeyote. Mwezi wa Aprili 1999 shirika la uchapishaji la Ohta liliutoa mswada huohuo kwa jina la Battle Royale, na nakala zake zikauzwa kupita milioni moja.

Makala haya yanafuatilia historia ya upokezi wa riwaya hiyo, tangu ilipokataliwa hadi jina lake lilipogeuka kuwa jina la utanzu mzima wa burudani. Tunashikilia kwamba wasomaji waliopatwa na karaha mbele ya Battle Royale waliisoma kwa ukaribu zaidi kuliko wengi waliokuja baadaye kuburudishwa nayo, ijapokuwa walilolidai kutokana na karaha hiyo, yaani kuizima kazi au kuwafungia vijana mlango, halikufuata kutokana na usomaji wao. Hoja hii huenda ikamshangaza mhakiki aliyezoea kumtetea mwandishi dhidi ya mdhibiti. Sisi hatumtetei mdhibiti. Tunasema tu kwamba mtu anaweza kusoma vizuri na kuamua vibaya.

Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa Konstanz wa mwaka wa 1967, alipendekeza kwamba historia ya fasihi iandikwe kwa kuzingatia upeo wa matarajio ya wasomaji, na jinsi kazi mpya inavyoutimiza upeo huo, kuusogeza au kuuvunja. Istilahi hii si ngeni kwa wasomaji wa jarida hili. Huonekana katika sura ya pili ya tasnifu nyingi na kusahauliwa kabla ya kufika sura ya nne. Tatizo lake kubwa ni la ushahidi. Upeo wa matarajio hauhifadhiwi katika makabati ya nyaraka. Kilichohifadhiwa kuhusu Battle Royale ni maoni ya waamuzi, maswali ya wabunge, habari za magazeti, hesabu za mauzo, na baadaye malumbano ya wasomaji wa Marekani. Kundi lililoinunua kazi hii kwa wingi, vijana, ndilo lililoacha maandishi machache zaidi. Vitabu vya Japani huwa na desturi ya kutiwa kadi ndogo ya posta ili msomaji aandike maoni yake na kumrudishia mchapishaji; lakini kadi hizo ni mali ya mchapishaji, na mara nyingi huishia kwake. Kwa hiyo tunapozungumzia walichokihisi vijana yatupasa kwenda polepole.

Kisa na mbinu yake

Riwaya inasawiri taifa la kubuni, Jamhuri ya Asia Mashariki Kuu, ambalo msomaji wa Kijapani hulitambua mara moja kuwa ni Japani iliyofuata njia nyingine ya historia. Jina lenyewe linazindua kumbukumbu ya maneno yaliyotumiwa na serikali ya kijeshi wakati wa vita vilivyomalizika mwaka wa 1945. Kila mwaka madarasa hamsini ya wanafunzi wa mwaka wa tatu wa shule za sekondari za chini huteuliwa na kuingizwa katika kile kinachoitwa Programu. Darasa tunalolisoma lina wanafunzi 42, wavulana 21 na wasichana 21. Wanavishwa kola za chuma zenye baruti, wanapelekwa kisiwani, wanapewa kila mmoja mfuko wenye silaha isiyochaguliwa, wengine bunduki na wengine kifaa kisichofaa lolote, na kuambiwa kwamba zikipita saa 24 bila mtu kufa, kola zote zitalipuka. Maeneo ya kisiwa yanafungwa moja baada ya jingine ili asipatikane wa kujificha mpaka mwisho.

Takami hakuficha alikotoka. Mji wa wanafunzi hawa unaitwa Shiroiwa, jina linaloandikwa kwa herufi za ngome na mwamba, na aliyewahi kumsoma Stephen King atauona humo mji wa Castle Rock. King mwenyewe alikuwa ameandika, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Maine mnamo 1966 na 1967, riwaya ya vijana mia moja wanaotembea bila kusimama hadi abaki mmoja, na mswada wake nao ulikataliwa uliposhindanishwa. The Long Walk ilichapishwa mwaka wa 1979 tu, tena kwa jina la kupanga la Richard Bachman. Jina la riwaya ya Takami limetoka katika mieleka ya kulipwa, ambamo wapiganaji wengi huingia ulingoni pamoja na kutolewa mmojammoja, na ukurasa wa mwanzoni humpa nafasi shabiki wa mieleka atoe maelezo ya mchezo huo kabla hatujajua kuwa wapiganaji watakuwa watoto.

Mambo mawili ya kimtindo yana uzito wa pekee kwa historia ya upokezi. La kwanza ni mwalimu anayesimamia mauaji, Kinpatsu Sakamochi. Jina lake ni mgeuzo wa Kinpachi Sakamoto, mwalimu mpendwa wa tamthilia ya televisheni iliyoanza kuonyeshwa mwaka wa 1979. Mwalimu huyo wa televisheni aliwaongoza wanafunzi wake kwa subira na machozi katika matatizo yao yote, na darasa lake lilikuwa la tatu B. Darasa la Takami pia ni la tatu B. Msomaji wa Kijapani aliyekulia mbele ya runinga hiyo anapata kicheko kwanza. Kisha anamwona mwalimu yuleyule, na nywele zilezile ndefu, akisimama mbele ya darasa na kueleza kwa furaha utaratibu wa kuuana. Hapa pana kejeli inayouma kuliko damu yote inayomwagika baadaye, kwa kuwa inaigusa imani ya kizazi kizima kwamba shule, hata ikiwa kali, ina nia njema.

La pili ni hesabu. Sura inapomalizika, riwaya huandika idadi ya wanafunzi waliobaki. Hesabu hii haina msemaji ndani ya kisa. Si ya Sakamochi, ambaye hutangaza majina ya waliokufa kwa vipaza sauti. Si ya mhusika yeyote aliyeko kisiwani. Ni ya kitabu chenyewe, na anayepewa ni msomaji. Wolfgang Iser angesema kwamba hapo ndipo msomaji anayedokezwa na matini anapotengenezewa kiti. Kiti hicho ni cha mtazamaji wa mashindano. Tunalia na Noriko Nakagawa, tunamwogopa Kazuo Kiriyama aliyerusha sarafu ili kuamua kama atashiriki, tunamhurumia hata Mitsuko Souma ambaye ukatili wake umefugwa na ukatili aliotendewa utotoni. Kisha ukurasa unatuonyesha namba, nasi tunatazama zimebaki ngapi. Hakuna anayeweza kuisoma riwaya hii bila kuhesabu.

Waamuzi

Ni kwa kuzingatia hesabu hii ndipo tunapaswa kuirudia karaha ya waamuzi wa 1998. Maelezo ya kawaida, ambayo yana ukweli wake, ni kwamba mswada ulifika wakati mbaya. Mwezi wa Juni 1997 mvulana wa miaka 14 alikamatwa mjini Kobe kwa kuwaua watoto wawili, na mauaji hayo yaliitetemesha nchi. Januari 1998 mwanafunzi wa miaka 13 katika mkoa wa Tochigi alimuua mwalimu wake kwa kisu shuleni. Nyuma ya matukio haya kulikuwa na muongo wa mishtuko: uchumi ulioporomoka mwanzoni mwa miaka ya tisini, tetemeko la Kobe la Januari 17, 1995, na shambulizi la gesi ya sumu katika reli ya chini ya ardhi ya Tokyo miezi miwili baadaye. Mwamuzi aliyeupokea mswada wa watoto kuuana katika hali hiyo hakuwa msomaji mtulivu.

Lakini wakati peke yake hautoshi kueleza. Tuzo ile ilikuwa ya riwaya za kutisha, na waamuzi wake walikuwa wamekwisha kusoma mauaji ya kila namna. Riwaya ya kutisha ina mapatano na msomaji wake: utaogopa, na hofu yako itakuwa upande wa anayewindwa. Battle Royale inayavunja mapatano hayo, kwa kuwa kila mwindwa ni mwindaji anayewezekana, na msomaji amewekwa mahali pa mwenye kumbukumbu za alama. Karaha inayozuka hapo haitoki nje ya matini. Imepangwa na matini. Anayesema kwamba kitabu hiki kinamfanya ajione mchafu amekisoma sawasawa, na tunadhani waamuzi walikaribia kulisema hilo kabla ya kuligeuza kuwa hukumu juu ya adabu ya mwandishi.

Kuna mfano wa zamani unaotusaidia. Shirley Jackson alipochapisha hadithi fupi yake The Lottery katika jarida la The New Yorker, Juni 26, 1948, alipokea kiangazi hicho barua zaidi ya mia tatu. Katika mhadhara alioutoa baadaye kuhusu historia ya hadithi hiyo, Jackson alieleza kwamba barua za upole zilikuwa chache mno, nyingi ya hizo zikiwa za marafiki, na kwamba mama yake mzazi pia alimkemea. Wengi waliandika kumtukana au kufuta usajili wao. Barua ambazo kwa maoni yetu zina thamani kubwa zaidi kwa mwanahistoria ni zile za wasomaji waliotaka kujua bahati nasibu hizo za kupigana mawe zinafanyika wapi, na kama inaruhusiwa kwenda kutazama. Wasomaji hao hawakukasirika hata kidogo. Ukiwalinganisha na waliofuta usajili utaona kwamba hasira inaweza kuwa dalili ya kuelewa, na udadisi mtulivu ukawa dalili ya kutoelewa kabisa.

Wabunge

Mwaka wa 2000 mjadala ulihama kutoka meza ya waamuzi hadi Bunge la Japani, na hapa mhakiki anapaswa kuwa mwangalifu, kwa sababu wabunge hawakuwa wakiijadili riwaya. Walikuwa wakiijadili filamu. Mwongozaji Kinji Fukasaku, akishirikiana na mwanawe Kenta aliyeandika hati ya filamu, alikuwa ameitayarisha kazi hiyo kwa kampuni ya Toei, ianze kuonyeshwa Desemba 16. Mbunge wa upinzani Kōki Ishii aliongoza upinzani dhidi yake na kuitaka serikali ieleze itachukua hatua gani. Filamu iliwekewa kikwazo cha umri: asiingie aliye chini ya miaka 15. Kelele hizo ziliitangaza kuliko tangazo lolote la kulipiwa, na mapato yake yakapita yeni bilioni tatu.

Tofauti kati ya matini hizi mbili si ndogo. Katika riwaya, Programu ni chombo cha dola ya kiimla ambayo imedumu kwa miongo, na lengo lake ni kuwafundisha raia kwamba hakuna anayeweza kumwamini jirani yake. Watoto hawajakosa lolote. Katika filamu, sheria ya mauaji imezaliwa na hofu ya watu wazima: uchumi umeanguka, wanafunzi wamegoma kwenda shule, wakubwa wamepoteza heshima, na Bunge limepitisha sheria ya kuwaadhibu. Fukasaku aliiondoa historia ya mbadala na kuweka mahali pake Japani ya mwaka wa 2000.

Sasa tutazame kalenda. Mnamo Novemba 28, 2000, majuma machache kabla ya filamu kuonyeshwa, Bunge hilohilo lilipitisha marekebisho ya sheria ya watoto, na umri ambao mtoto anaweza kushtakiwa kama mhalifu ukashushwa kutoka miaka 16 hadi 14. Marekebisho hayo yalianza kutumika Aprili 2001. Hatusemi kwamba filamu ilisababisha sheria au kwamba sheria ilisababisha filamu. Tunasema kwamba wabunge walioketi kuitazama kazi inayoonyesha watu wazima wakiwatungia watoto sheria kwa woga, walikuwa wamo katika shughuli ya kuwatungia watoto sheria, na woga haukuwa mbali. Mshtakiwa aliposoma hati ya mashtaka, alilalamika kwamba imeandikwa kwa lugha chafu.

Kauli ya Fukasaku kuhusu umri wake mwenyewe ni sehemu ya upokezi huu, maana yeye alikuwa msomaji wa riwaya kabla ya kuwa mwongozaji wa filamu. Alizaliwa Julai 1930. Kiangazi cha 1945 alikuwa na miaka 15 na alifanya kazi katika kiwanda cha silaha pamoja na wanafunzi wenzake. Alisimulia mara nyingi jinsi walivyoshambuliwa kwa mizinga, jinsi walivyojificha mmoja chini ya miili ya wengine, na jinsi walionusurika walivyoamriwa kuikusanya maiti za wenzao. Alipoisoma Battle Royale aliona darasa lake. Kwa msomaji wa namna hii jina la Jamhuri ya Asia Mashariki Kuu halikuwa ubunifu wa distopia, lilikuwa kumbukumbu. Inashangaza basi kwamba kikwazo cha umri kiliwazuia kuiona filamu wengi waliopungukiwa na miezi michache tu kufikia umri aliokuwa nao yeye alipookota maiti.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili atakumbuka Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotolewa mwaka wa 1971 na kwa muda ikapigwa marufuku katika shule za Tanzania. Huko nako mjadala haukuhusu sana kilichomo katika kitabu. Ulihusu nani atakayekishika.

Vijana

Kitabu, tofauti na filamu, hakikuwa na mlinzi mlangoni. Wanafunzi wangeweza kukinunua, na kuanzia mwaka wa 2000 waliweza pia kukifuata katika hadithi ya picha iliyochorwa na Masayuki Taguchi. Ni nini walichokiona humo? Wahakiki wengi wamejibu: mtihani. Elimu ya lazima ya Japani huishia mwaka wa tatu wa shule ya sekondari ya chini, mwanafunzi akiwa na miaka 15, na mwaka huo ndio wa mitihani ya kuingia sekondari ya juu. Wanafunzi waliokaa pamoja kwa miaka mitatu hugeuka kuwa washindani wa nafasi zilezile. Takami hakulichagua darasa la mwaka wa tatu kwa kubahatisha. Msomaji wa Kenya aliyepitia mtihani wa KCPE, uliofanywa kati ya 1985 na 2023, akaona jinsi alama za jirani zilivyoweza kumfungia njia, hahitaji maelezo marefu hapa.

Hata hivyo usomaji wa mtihani unaweza kuwa mwepesi kupita kiasi. Ukishasema kwamba kisiwa ni mtihani, umekwisha, na hakuna haja ya kusoma zaidi ya sura ya tano. Uzito wa riwaya uko katika jambo ambalo mtihani hauna. Wengi wa wanafunzi hawa hawafi kwa sababu wanataka kushinda. Wanakufa kwa sababu hawawezi kujua kama mwenzao anataka kushinda. Shuya Nanahara anatembea kisiwani kote akijaribu kuwaamini watu, na mara kadhaa kuaminiana huko kunavunjwa na hofu ya dakika moja. Anayemwokoa ni Shogo Kawada, mwanafunzi aliyehamia darasani karibuni na ambaye alikwisha kunusurika katika Programu iliyopita. Mtu, kwa maneno mengine, anayestahili kuaminiwa kuliko wote na aliye na sababu nyingi kuliko wote za kushukiwa. Swali la riwaya ni la imani kati ya watu wa rika moja chini ya dola inayonufaika wakishukiana. Kwa kadiri mauzo yanavyoweza kuwa ushahidi, vijana milioni moja hawakununua mwongozo wa kuua. Lakini mauzo, kama tulivyokwisha kusema, si sauti.

Hatuna budi kulitaja tukio la Sasebo. Mwanzoni mwa Juni 2004, katika shule ya msingi ya mji huo, msichana wa miaka 11 alimuua mwanafunzi mwenzake kwa kisu cha kukatia karatasi. Magazeti yalieleza kwamba alikuwa ameipenda Battle Royale na kwamba alikuwa ametunga kisa chake mwenyewe cha darasa linalouana. Kwa waliopinga kazi hii tangu mwanzo, huu ulikuwa ushahidi uliosubiriwa. Mhakiki hawezi kuupuuza kwa kusema tu kwamba mamilioni walisoma na hawakuua. Jibu hilo ni sahihi kwa takwimu, na halimtoshi mzazi yeyote. Pengine la busara zaidi ni kutambua kwamba mtoto huyo alikuwa msomaji ambaye riwaya haikumwandikia kiti. Kejeli ya mwalimu Kinpachi, jina la jamhuri, utamu mchungu wa hesabu, vyote vinamhitaji msomaji awezaye kushtuka kwa kujikuta anafurahia. Msomaji wa miaka 11 anaweza kubaki na furaha pasi na mshtuko. Hilo si kosa la kitabu, wala si jambo ambalo mwandishi anaweza kulizuia. Lakini ni sehemu ya historia yake, na anayeandika historia hiyo bila Sasebo anaandika tangazo.

Ng'ambo

Tafsiri ya Kiingereza ya Yuji Oniki ilitoka mwaka wa 2003. Riwaya ilikuwa imezaliwa Japani mwezi uleule wa Aprili 1999 ambamo wanafunzi wawili waliwaua wenzao katika shule ya Columbine huko Colorado, na filamu haikupata msambazaji rasmi wa kuiuza Marekani hadi mwaka wa 2012. Kwa hiyo kwa miaka mingi msomaji wa Marekani alikipata kitabu pekee, au nakala za filamu zilizopita njia za pembeni. Kejeli nyingi zilipotea njiani. Aliyekosa kumjua mwalimu wa darasa la tatu B alimwona Sakamochi kuwa ni mhuni wa kawaida wa hadithi, na wengine wakalalamika kwamba amechorwa kwa kupita kiasi. Majina 42 ya Kijapani yaliwachanganya. Stephen King, ambaye alikuwa na kila sababu ya kukitambua kizazi chake, alikipendekeza kitabu katika orodha yake ya usomaji wa kiangazi cha 2005 kwenye jarida la Entertainment Weekly.

Kisha mwaka wa 2008 ikatoka The Hunger Games ya Suzanne Collins, na upokezi wa Battle Royale katika Kiingereza ukageuka kuwa kesi ya wizi. Collins alieleza kwamba hakuwa amewahi kukisikia kitabu cha Takami mpaka alipokwisha kukabidhi mswada wake, na kwamba alitoka katika kisa cha Kigiriki cha Theseus, na katika usiku mmoja alipokuwa akibadilisha stesheni za runinga kati ya mashindano ya vijana na picha za vita vya Iraki. Hatuna sababu ya kutomwamini. Malumbano hayo yaliwafanya watu wengi wasome vitabu vyote viwili kwa ajili ya kuvilinganisha, na kusoma kwa namna hiyo hutafuta mifanano: watoto, kisiwa au uwanja, mshindi mmoja. Tofauti iliyo muhimu zaidi ikapita bila kuonwa. Mashindano ya Collins yanaonyeshwa kwa taifa zima, na karaha ya msomaji ina pa kwenda: inawaendea watazamaji wa Capitol, wenye nguo za rangi na nyuso zilizochorwa. Katika riwaya ya Takami mauaji hayaonyeshwi kwenye runinga. Hakuna hadhira ndani ya kitabu ya kubeba lawama. Namba mwishoni mwa sura imeachiwa msomaji peke yake.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Mtunzi wa tamthilia ya Korea Kusini Squid Game, iliyotolewa mwaka wa 2021, Hwang Dong-hyuk, ameitaja hadithi ya picha ya Battle Royale miongoni mwa alizozisoma alipoanza kuwaza kisa chake. Kuanzia mwaka wa 2017 michezo ya kompyuta ambamo wachezaji mia moja hushushwa kisiwani, eneo likipungua hadi abaki mmoja, imechezwa na vijana wa kila bara, na utanzu wake unaitwa kwa jina la riwaya hii. Wachezaji wengi hawajui kwamba kulikuwa na kitabu. Kwenye pembe ya kioo chao kuna namba inayoonyesha wamebaki wangapi. Inapungua, nao wanafurahi, maana ndivyo mchezo ulivyokusudiwa.

Tafsiri ya pili ya Kiingereza, ya Nathan Collins, ilitoka mwaka wa 2014. Wanaoifungua leo wengi wao wanatoka katika michezo hiyo, na upeo wao wa matarajio ni kinyume kabisa cha ule wa waamuzi wa 1998. Wanaifahamu kola, wanaifahamu ramani inayofungwa, wanaifahamu hesabu. Wasichokitarajia ni kwamba kabla ya mwanafunzi kufa riwaya itasimama, mara nyingi kwa kurasa kadhaa, ieleze alimpenda nani darasani, mama yake alipika nini, alikuwa akitaka kuwa nani. Wengine huziona kurasa hizo kuwa ndefu na kuziruka ili wafike kwenye namba.